Mfanyakazi anapovuka mpaka wa Elwak, akiba yake ya uzeeni hubaki wapi?

WAKAZI wa Elwak, katika Kaunti ya Mandera, wameishi na mpaka tangu enzi za wakoloni. Ng'ambo yake, katika eneo la Gedo nchini Somalia, kuna mji mwingine wenye jina lilo hilo, na jamii za pande zote mbili zimeunganishwa na visima, malisho, biashara ya mifugo na ndoa.

Kazi nayo huvuka mpaka huo. Wapo wachungaji wa kuajiriwa, wapagazi, waashi na madereva wa malori wanaofuata riziki upande wowote inakopatikana. Wapo pia Wakenya kutoka kaunti nyingine, wakiwemo mafundi na watumishi wa mashirika ya misaada, ambao hupata ajira katika miji ya Somalia.

Swali ambalo wengi hawalitafakari hadi wanapoota mvi ni hili: mtu aliyetumia sehemu ya nguvu zake katika nchi moja na sehemu katika nchi nyingine, ni nani atakayemlipa akizeeka, akilemaa au akifariki na kuacha mayatima?

Suala hili limepata uzito mpya kwa sababu ya Somalia kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Viongozi wa Jumuiya waliikubali nchi hiyo Novemba 24, 2023, mkataba wa kujiunga ukatiwa saini Desemba 15 mwaka huo, na ikawa mwanachama kamili Machi 4, 2024. Hivyo mpaka wa Elwak, ambao awali ulikuwa ukingo wa Jumuiya, sasa umo ndani yake.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya hiyo ilitiwa saini Novemba 20, 2009, na kuanza kutumika Julai 1, 2010. Kifungu cha 10 kinampa mfanyakazi anayetoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine haki ya mafao ya hifadhi ya jamii sawa na wafanyakazi wa nchi aliyoendea.

Hata hivyo, kifungu hicho hicho kinaliachia Baraza la Mawaziri la Jumuiya jukumu la kutoa maagizo na kanuni za kuitekeleza haki hiyo. Hapo ndipo penye kikwazo. Zaidi ya miaka 10 baada ya itifaki kuanza kutumika, mpango wa kuioanisha mifuko ya nchi wanachama ulikuwa bado ukijadiliwa.

Ili haki hii iwe na maana, mambo matatu hayana budi kutimia. La kwanza ni usawa: mgeni asikatwe mchango kama mwenyeji, kisha akanyimwa fao kwa sababu ya uraia wake. La pili ni kujumlisha vipindi: miezi aliyochangia katika nchi mbalimbali ihesabiwe pamoja. La tatu ni kulipwa popote: mstaafu aliyerejea kwao apate haki yake bila ya kulazimika kuishi ugenini.

Pasipo jambo la pili, hasara ni kubwa. Nchini Tanzania, mfanyakazi huhitaji kuchangia kwa muda usiopungua miezi 180, yaani miaka 15, ili astahili pensheni ya kila mwezi. Tuchukue mfano wa fundi aliyechangia miaka minane Kenya na miaka 10 Tanzania. Ametumikia miaka 18 kwa jumla, lakini kwa hesabu ya Tanzania peke yake hajafikia kiwango. Ataambulia malipo ya mkupuo, nayo pensheni ya maisha imempita.

Mifumo yenyewe inatofautiana. Chini ya sheria ya Kenya ya mwaka 2013, mfanyakazi huchangia asilimia 6 ya mshahara wake katika hazina ya NSSF, na mwajiri asilimia 6, hadi kiwango kilichowekwa. Nchini Uganda, mfanyakazi hutoa asilimia 5 na mwajiri asilimia 10.

Kenya humruhusu mwanachama anayehama nchi moja kwa moja kuchukua akiba yake. Lakini kuichukua si kuihamisha. Fedha zinazolipwa mkononi mtu angali na nguvu huliwa kabla ya uzee kufika.

Ulaya imeonyesha kwamba si lazima kuwe na mfuko mmoja. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya zilizoanza kutumika Mei 2010, kila nchi hubaki na mfuko wake, vipindi hujumlishwa, kisha kila moja hulipa fungu linalolingana na muda ambao mtu alifanya kazi humo.

Afrika Mashariki nayo ina funzo lake chungu. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wa reli, bandari, posta na ndege waliachwa wakidai pensheni zao. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984. Wastaafu wa Tanzania waliendelea kudai hadi wakaenda mahakamani, ambako walifikia makubaliano na serikali yao mwaka 2005. Kufikia wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kufariki.

Kwa Elwak, tatizo lina sura nyingine tena. Mchungaji au mpagazi hana barua ya ajira wala hati ya mshahara, hivyo hana mchango wa kuhamisha. NSSF ina mpango wa hiari uitwao Haba Haba, unaomwezesha mtu asiye na mwajiri kuweka akiba kuanzia Sh25 kwa siku. Lakini ili kujisajili, Mkenya anahitaji kitambulisho, na kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani walikipata kwa taabu kutokana na msasa wa ziada. Rais William Ruto alitangaza kuuondoa msasa huo Februari 2025.

Kwa anayeajiriwa upande wa Kenya, ipo pia Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo humbebesha mwajiri gharama ya ajali. Kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu, fidia ni sawa na mapato ya miezi 96. Bila ya ushahidi kwamba mtu aliajiriwa, hata hivyo, dai kama hilo ni gumu kuthibitisha.

Mawaziri wa Jumuiya ndio wenye ufunguo wa kuunganisha mifuko. Wakati wanaendelea kujadiliana, mfanyakazi anaweza kujilinda kwa kudai maandishi ya ajira, kutunza nambari yake ya uanachama na stakabadhi za michango ya kila nchi aliyofanya kazi, na kuwaeleza jamaa zake mahali zilipo. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na jasho la mtu ni mali.