Maji ya Sita: Likizo ya Baridi katika Nchi ya Theluji

Kila mtoto wa pwani aliyepita chuoni na kufika kwenye mlango wa tohara amehifadhi maji saba yanayojuzu kutawadhia: maji ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Mengi katika hayo twayajua kwa macho na kwa mikono. Hapa Mbegani bahari iko mlangoni, mto Ruvu wamwaga maji yake kaskazini ya Bagamoyo, visima tumevichimba wenyewe, na masika hayahitaji kuelezwa. Lakini maji ya sita, yaani theluji, twayataja kwa ulimi tu. Mtoto akiuliza ni kitu gani, huambiwa ni mfano wa barafu iliyosagwa, na somo huendelea.

Siku hizi swali hilo limetoka chuoni likaingia majumbani. Vijana wetu wanasoma na kufanya kazi katika nchi za kaskazini ya Ulaya. Ufikapo msimu wa baridi, wenzao huwaalika kwenda likizo milimani wakateleze juu ya theluji kwa mbao ziitwazo skii. Kijana huandika au hupiga simu nyumbani akauliza: Je, niende? Na huko ambako jua halichomozi, nitaswali vipi? Wazazi wengi hujibu kwa hofu, kwani hawajui mahali penyewe palivyo. Hofu si dalili ya sheria. Yafaa basi tulitazame jambo hili kwa utulivu.

SISI NA WATU WA BARIDI

Watu wa nchi hizo si wageni kwetu. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, ambacho leo ni sehemu ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, kilijengwa na kupanuliwa kwa msaada wa serikali ya Norwei katika miaka ya 1970 na 1980. Wakaja walimu na mafundi kutoka huko wakaishi nasi, wakivumilia jua letu kama vijana wetu wanavyovumilia baridi yao. Na katika mji wao wa Tromsø, ulioko mbali sana kaskazini, mna chuo kikuu chenye kitivo cha elimu ya uvuvi, na wanafunzi wa Afrika Mashariki wamesoma huko.

Wala theluji yenyewe si ngeni katika nchi yetu. Mlima Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895, umevaa kilemba cha barafu tangu zama za kale. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba ameiona theluji karibu na ikweta, wako wataalamu wa Ulaya waliomkanusha. Kwa masikitiko, zaidi ya sehemu nane katika kumi za barafu iliyokuwako mwaka 1912 zimekwisha kuyeyuka.

MAHALI PENYEWE

Tuchukue mfano mmoja. Katika nchi ya Uswidi, kwenye mpaka wake na Norwei, pana kituo kidogo cha likizo kiitwacho Riksgränsen, na maana ya jina hilo ni mpaka wa dola. Kiko kadiri ya kilomita 200 kaskazini ya ule mstari ambao wanajiografia huuita duara la Aktiki. Hakuna mji mkubwa hapo. Kuna hoteli, nyumba chache, milima, na vyombo vya kuwapandisha watu mlimani kwa kamba za chuma. Reli ipitayo hapo ilikamilika mwanzoni mwa karne ya ishirini ili kuchukua chuma cha Kiruna mpaka bandari ya Narvik, ambayo bahari yake haigandi kwa sababu ya mkondo wa maji ya uvuguvugu utokao kusini.

Mtu angedhani kituo hicho hujaa watu mwezi wa Desemba, wakati baridi imekolea. Sivyo. Aghalabu msimu wake huanza Februari, kwa kuwa kabla ya hapo giza ni kubwa mno. Dunia imeinama katika mzunguko wake, na wakati wa baridi ncha ya kaskazini hulipa jua kisogo. Huko Tromsø jua huzama karibu na tarehe 27 Novemba na halionekani tena mpaka kiasi cha tarehe 15 Januari. Saa za adhuhuri hupita mwanga hafifu wa kibuluu, kama alfajiri isiyotimia, kisha giza hurejea. Katika usiku kama huo, mbingu ikiwa safi, huonekana mianga ya kijani ikicheza juu. Hiyo si moto wala si ishara ya balaa. Ni chembe zitokazo katika jua ambazo hugonga hewa ya juu sana ya dunia ikang'aa.

Ama skii, asili yake haikuwa mchezo. Watu wa kaskazini, na miongoni mwao Wasami wafugao kulungu wa baridi, walizitumia kwa maelfu ya miaka kwa kusafiri na kuwinda, kwani mguu mtupu huzama katika theluji. Kwao mbao hizo ni kama ngalawa kwetu: chombo cha riziki kwanza, mashindano baadaye.

SWALA ISIYO NA JUA

Hapa kwetu Maghribi haihitilafiani hata saa moja mwaka mzima, na kwa hiyo twadhani saa za swala ni kitu kilichosimama. Wahenga wetu katika Uislamu walikwisha kuonja mambo mengine. Mwaka 921 Khalifa Al-Muqtadir alituma ujumbe kutoka Baghdad kwenda kwa mfalme wa Wabulgari wa mto Volga, na katika ujumbe huo alikuwamo Ahmad bin Fadlan, ambaye ameacha maelezo ya safari yake. Walipopumzika njiani katika mji wa Jurjaniya, mto Jayhun uliganda unene wa shibiri kumi na saba, farasi na mikokoteni ikapita juu yake kama barabara. Ndevu zake zililowa hamamuni, na alipofika nyumbani zilikuwa bonge la barafu hata akazikurubisha motoni. Alivaa nguo juu ya nguo mpaka akashindwa kujongea.

Alipofika kwa Wabulgari mwaka 922, majira yalikuwa yamegeuka, na shida haikuwa tena baridi bali ufupi wa usiku. Jioni moja aliketi hemani na mtu wa Baghdad wakingojea adhana ya Isha. Waliposikia adhana na kutoka nje, kumbe ni alfajiri. Mwadhini akawaambia kwamba Isha huiswali pamoja na Maghribi, na kwamba yeye mwenyewe amekaa mwezi mzima bila kulala usiku kwa kuchelea kupitwa na swala ya asubuhi.

Na msingi wa hukumu umetangulia hata kabla ya hapo. Katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa An-Nawwas bin Sam'an, Mtume (s.a.w.) alitaja siku za Dajali, na kwamba moja yao itakuwa na urefu wa mwaka. Masahaba hawakuuliza watajificha wapi. Waliuliza kama swala za siku moja zitawatosha katika siku hiyo. Akawajibu kuwa hazitoshi, bali waukadirie wakati. Kwa neno hilo wanavyuoni wamepata njia, na katika miaka ya 1980 Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka lililitolea uamuzi jambo la nchi hizi. Penye usiku au mchana usiokatika, Waislamu hukadiria nyakati kwa mji ulio karibu ambao mchana na usiku wake hupambanuka. Wako pia wanaofuata saa za Makka. Mgeni na awafuate Waislamu wa mahali alipofikia, asijibunie ratiba yake.

Nao wako. Tromsø ina Waislamu na mahali pa kuswalia, na miongoni mwao wamo ndugu zetu Wasomali. Katika mji wa Inuvik, kaskazini ya Kanada, Waislamu walipata msikiti uliojengwa Winnipeg, ukasafirishwa mwaka 2010 kadiri ya kilomita 4,000 kwa barabara na kwa tishari mtoni mpaka ukawafikia. Watu waliobeba msikiti mwendo huo hawakuona giza kuwa udhuru.

Jambo moja zaidi la kupendeza: sisi wa Bagamoyo huelekea kaskazini katika swala, na watu wa Tromsø huelekea kusini, wakipinda kidogo mashariki. Nyuso zetu zakutana Makka.

UDHU, NGUO NA CHAKULA

Theluji iliyoyeyuka ni maji safi ya kutawadhia, kama tulivyosoma. Hotelini maji ya moto yapo, basi udhuru wa baridi ni nadra. Mwenye kuvaa khofu zilizotimiza masharti, akazivaa hali ana tohara, hupangusa juu yake usiku na mchana mmoja akiwa mkaazi, na siku tatu akiwa safarini. Kutayamamu kwa sababu ya baridi kali kumethibiti katika kisa cha Amr bin Al-As, lakini ni ruhusa ya dharura yenye masharti, si ya mvivu aliyeko kando ya bomba la maji moto. Na msafiri ana kupunguza na kukusanya swala, ila akinuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, huswali kamili.

Nguo ziwe za sufi karibu na mwili, si za pamba, maana pamba hushika jasho na jasho huwa barafu. Baridi ya digrii 20 chini ya sifuri si ajabu huko. Vidole, pua na masikio vikifa ganzi na kuwa vyeupe, mtu aingie ndani mara moja. Asitoke nje ya njia zilizowekwa alama, kwani theluji huporomoka mlimani ikazika watu. Kwa chakula, samaki ni wengi. Watu wa Lofoten hukausha samaki kwa upepo wa baridi bila chumvi, kama sisi tukaushavyo ng'onda kwa jua. Na ajue mapema kwamba wengi huko, baada ya kuteleza, hukutanika jioni penye pombe. Hapo kijana ageuze njia, arejee chumbani kwake au kwa wenziwe wema.

MTU WA JOTO AWEZA?

Aweza. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji wa bara la Eldoret, alipelekwa Ufini mwaka 1996 kujifunza skii. Mwaka 1998 alishindana huko Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10 za Michezo ya Olimpiki ya baridi. Alimaliza wa 92, wa mwisho, kadiri ya dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei. Mshindi yule hakwenda zake. Alimngojea Mkenya kwenye mstari akamkumbatia. Boit akamwita mwanawe jina la Dæhlie, akashiriki tena mwaka 2002 na 2006. Wa mwisho aliyefika si sawa na aliyeketi.

Nasaha yetu kwa wazazi ni hii: msimkataze kijana kwa hofu, wala msimruhusu bila elimu. Mwenye hiari na achague mwezi wa Machi. Wakati huo theluji ingali nyingi, na karibu na tarehe 20 mchana na usiku hulingana duniani kote, hata huko saa za swala hukaribia kuwa kama za kwetu. Mwenye kulazimika kwenda Desemba, na achukue ratiba ya Waislamu wa huko kabla hajafunga sanduku. Na walimu wenzangu, tukifika kwenye maji ya sita tusipite mbio. Huenda mmoja wa wale waketio mkekani ndiye atakayetawadha kwayo.

Wabillahi taufiki.