Siku Moja Rhodes: Nusu Dukani, Nusu Ngomeni

Katika kisiwa cha Rhodes, nchi ya Ugiriki, mgeni wa siku moja huamshwa mapema. Basi humchukua hotelini au bandarini asubuhi, humzungusha mchana kutwa, kisha humrudisha kabla jua halijatua, mkoba wake umejaa na miguu yake imechoka. Ziara hizo husemwa kuwa ni za kutazama na kununua. Mimi nilipata kufuatana na ziara moja ya namna hiyo, mafunzo yangu ya kazi yalipomalizika Athens nikabakiwa na siku mbili za mapumziko. Nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa ukurasa huu niliyoyaona, kwani wenzetu wanaokwenda Ulaya kwa masomo na semina si wachache, na aghalabu hurudi na majuto ya namna moja: fedha zimekwisha, na walichokiona ni kidogo.

Nilikuwa na karatasi mfukoni. Mke wangu aliniandikia mafuta ya zeituni, asali na makubadhi ya ngozi. Shangazi yangu, aliyezaliwa Elisabethville kabla mji huo haujaitwa Lubumbashi, hakuandika kitu. Alinipigia simu tu, akasema: “Mwanangu, kama utafika Rhodes, niangalizie kwao wale wenye duka la vitambaa.” Nilidhani uzee unamchanganya. Nikamwitikia, “Ndiyo, shangazi,” kwa adabu, nikasahau.

Rhodes ndicho kisiwa kile ambacho Matendo ya Mitume kwa Kiswahili hukiita Rodo. Kutoka Athens ndege huchukua kiasi cha saa moja. Kipo kusini mashariki kabisa, karibu na pwani ya Uturuki. Hali ya hewa ikiwa njema milima ya huko huonekana. Wenyeji wake ni kama watu 125,000, na wengi wao hula kwa jasho la utalii: kiangazi kazi tele, masika na kipupwe milango ya maduka hufungwa. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kabla hatujamlaumu mwenye duka anayetuvuta mkono. Anatafuta kwa miezi sita au saba chakula cha mwaka mzima.

Basi letu liliondoka saa mbili na nusu. Tulielekea kusini, kiasi cha kilomita 50, hadi Lindos. Mbele zaidi ya hapo ndiko ulikopita moto mkubwa wa Julai 2023, ambapo watu wapatao 19,000 walihamishwa, wengi wao watalii waliotembea usiku na masanduku yao hadi ufukweni. Kiongozi wetu, mama mmoja mkakamavu mwenye mwavuli mwekundu, aliligusia jambo hilo kwa sentensi moja, kisha akarudi kwenye bei za punda.

Lindos ni kijiji cheupe chini ya mwamba wenye kimo cha zaidi ya mita 100. Juu ya mwamba huo yamo mabaki ya hekalu la Athena, na kulizunguka ni boma walilolijenga Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, wale wanajeshi wa dini walioitawala Rhodes tangu 1309 hadi 1522. Mpandaji atakuta kwanza, chini ya ngazi, merikebu iliyochongwa ndani ya mwamba wenyewe zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wengi hawaitazami, maana hapo ndipo wanaposimama kuhema. Asiyeweza kupanda kwa miguu hupandishwa kwa punda. Sheria ya Ugiriki ya mwaka 2018 inakataza kumtwika punda mzigo unaozidi kilo 100 au moja ya tano ya uzito wake, nami niliona mabwana kadhaa katika kundi letu ambao, kwa hesabu yangu ya mwalimu, walipaswa kupanda kwa miguu yao wenyewe.

Huko juu tulipewa saa nzima, nayo ilitosha. Lakini wakati wa kurudi basi lilisimama mbele ya karakana ya vyombo vya udongo, na hapo nikaanza kuitazama saa yangu. Kijana mmoja alizungusha gurudumu, akafinyanga jagi mbele yetu kwa dakika tatu, tukapiga makofi. Dakika 42 zilizosalia zilikuwa za dukani, na mlango wa kutokea ulipita katikati ya rafu. Msomaji asidhani kwamba basi husimama hapo kwa bahati. Katika biashara ya utalii, duniani kote, ni jambo la kawaida mwenye duka kumpa mwenye ziara fungu fulani la mauzo, na fungu hilo limo ndani ya bei ya sahani. Sahani zenyewe ni nzuri, sikatai. Zina maua ya tulipu na mikarafuu, rangi nyekundu na buluu juu ya nyeupe. Ajabu ni kwamba ruwaza hizo si za hapo kwa asili. Katika karne ya 19 jumba moja la makumbusho la Paris lilinunua mamia ya sahani za kale kutoka Rhodes, na Wazungu wakaziita sahani za Rhodes. Baadaye wataalamu wakatambua kwamba zilichomwa Iznik, katika nchi ya Uturuki. Kwa hiyo leo Rhodes inatengeneza sahani za Kirhodes kwa kuiga sahani ambazo hazikuwa za Rhodes. Nilinunua moja ndogo, kwa sababu ya hadithi hiyo.

Uongo mwingine unaouzwa huko ni mkubwa zaidi, nao ni ule wa Sanamu Kuu. Kila kibanda kina kisanamu cha jitu lililopanua miguu juu ya mlango wa bandari, merikebu zikipita chini yake. Ni kweli kwamba Warhodes walisimamisha sanamu ya shaba ya mungu wao wa jua, yenye urefu wa zaidi ya mita 30, na kwamba tetemeko liliiangusha katika karne ya tatu kabla ya Kristo, baada ya kusimama kwa miaka kama 50 hivi. Lakini haikusimama kwa kupanua miguu juu ya maji. Shaba ya zama hizo isingeweza kuhimili umbo la namna hiyo. Mchoro huo ulibuniwa na watu walioishi miaka mingi sana baada ya sanamu kuanguka.

Mjini tulifika saa nane na nusu. Mji wa kale wa Rhodes umezungukwa na kuta nene zenye urefu wa kilomita nne hivi, na tangu 1988 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mtu aliyezoea Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu atajisikia yuko karibu na kwao: vichochoro vyembamba, mawe yaliyolainishwa na nyayo, misikiti ya enzi ya Waturuki, paka. Tuliingizwa katika Jumba la Mkuu wa Mashujaa, tukatolewa baada ya dakika 25. Lafaa kujulikana kwamba jumba lile la kutisha si la kale kama lionekanavyo. Baruti iliyohifadhiwa karibu yake iliripuka mwaka 1856 ikaliharibu vibaya, na Waitalia waliokitawala kisiwa tangu 1912 wakalijenga upya, wakamaliza 1940, wakatandika sakafuni michoro ya vijiwe iliyoletwa kutoka kisiwa cha Kos.

Kisha tukaambiwa: “Sasa ni wakati wenu. Saa moja na nusu. Basi halingoji.”

Hapa niseme machache ya ununuzi, maana najua ndiyo yanayosubiriwa. Barabara kubwa ya maduka yaitwa Sokratous, nayo yateremka kutoka msikiti wa Suleiman hadi uwanja wenye chemchemi. Duka lenye bei iliyobandikwa usilisumbue. Mapatano yapo, lakini si kama ya Kariakoo, na anayetaja nusu ya bei huonekana mkorofi. Nunua viwili au vitatu mahali pamoja, kisha uombe upunguziwe, kwa tabasamu. Dai stakabadhi. Katika maduka na mikahawa ya Ugiriki utaona tangazo kwamba mteja hana wajibu wa kulipa endapo hakupewa stakabadhi halali, nalo si pambo.

Mafuta ya zeituni yachukue ya kopo au chupa nyeusi, kwani mwanga huyaharibu, na usiyatie katika mkoba wa mkononi ndani ya ndege, utanyang'anywa uwanjani. Asali vilevile. Makubadhi yanuse kabla ya kuyavaa: ngozi hunuka ngozi. Yale macho ya kioo cha buluu yanayoning'inizwa kila mahali ni kinga ya kijicho, na bibi zetu wasingehitaji kuelezwa zaidi. Na usiokote kigae wala kipande cha jiwe penye magofu ukakitia mfukoni. Kuvitoa nchini vitu vya kale bila kibali ni kosa la jinai.

Sifongo ndicho kitu nilichokosea. Visiwa vya jirani, Kalymnos na Symi, viliishi kwa kazi ya kupiga mbizi na kutoa sifongo chini ya bahari, kazi iliyowaua na kuwapoozesha vijana wengi tangu vazi la kuzamia lilipoletwa katika miaka ya 1860. Mwaka 1986 ugonjwa uliziangamiza sifongo nyingi za Mediteranea, na leo nyingi zilizomo madukani hutoka bahari za mbali. Mimi nilivutwa na ile ya manjano, safi, nikalipa bila kuuliza. Baadaye nikaelezwa kwamba rangi hiyo hupatikana kwa kulowekwa katika dawa, ambayo hupunguza nguvu zake. Ya kahawia, isiyopendeza macho, ndiyo idumuyo. Mwambie muuzaji ailoweshe maji mbele yako. Ya kweli huvimba na kulainika kama kitambaa. Yangu imekwisha kuanza kumeguka.

Nilikuwa na dakika 40 zilizobaki nilipofika mwisho wa Sokratous. Wenzangu walikaa kunywa. Mimi nilifuata barabara yenye maduka ya vito na fulana, nikatokea katika uwanja mwingine mdogo wenye chemchemi iliyopambwa kwa samaki wenye vichwa vya farasi. Meza za mkahawa zilikuwa zimejaa. Katikati, chini ya miti, palikuwa na jiwe jeusi lenye pande sita, kila upande lugha yake. Nikasoma ile niliyoiweza. Linawakumbuka Wayahudi 1,604 wa Rhodes na Kos waliouawa katika kambi za Wanazi. Uwanja huo waitwa wa Mashahidi wa Kiyahudi.

Lugha moja katika zile sita ilikuwa ya Kihispania cha kale, ambacho Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492 walikuja nacho wakaendelea kukisema kwa karne nne na zaidi. Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi. Aliwahi kutusimulia juu ya bibi mzee aliyekaa nyuma ya meza ya duka Elisabethville, akihesabu mita za vitambaa kwa lugha ambayo haikuwa Kifaransa wala Kiswahili.

Tangu mwanzo wa karne ya 20 vijana wa Kiyahudi wa Rhodes, kwa umaskini wa kisiwa, walitoka kutafuta maisha Marekani, Rhodesia na Kongo. Waliingia Katanga kama wachuuzi, wakafungua maduka, wakaita ndugu zao. Mwaka 1938 sheria za ubaguzi za Italia ziliwasukuma wengine zaidi. Mmoja wa walioondoka wakati huo alikuwa baba yake Moïse Katumbi, yule aliyekuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015. Sinagogi waliyoijenga Lubumbashi kabla ya Vita Kuu ya Pili bado imesimama. Waliobaki Rhodes, kiasi cha watu 1,700, walikamatwa na Wajerumani Julai 1944. Wanaume waliitwa kwanza. Kisha wanawake na watoto wakaamriwa waje na vitu vyao vya thamani, vikachukuliwa. Tarehe 23 Julai walipakiwa katika majahazi ya mizigo, na safari hadi Auschwitz ilichukua zaidi ya wiki tatu. Walionusurika walikuwa kama 150. Konsuli wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alisimama mbele ya maofisa wa Kijerumani akadai waachiliwe waliokuwa na uraia wa Uturuki, akawaokoa zaidi ya 40.

Mwendo wa dakika chache kutoka uwanjani ipo sinagogi ya Kahal Shalom, ya mwaka 1577, na pembeni yake jumba dogo la makumbusho. Jumamosi hufungwa, siku hiyo ilikuwa Jumanne. Ndani ni kimya na ubaridi, sakafu ni ya vijiwe vyeusi na vyeupe. Ukutani yameandikwa majina ya koo zilizopotelewa na watu wao. Nilitoa ile karatasi ya mke wangu, nikaigeuza, nikayanakili yote niliyoweza. Katika ratiba yetu ya ziara mahali hapo hapakuwapo. Nilipofika kwenye basi nilikuwa nimechelewa dakika sita, na yule mama wa mwavuli mwekundu alinikaripia kwa haki kabisa. Asali sikuinunua.

Nyumbani, nilimpelekea shangazi ile sahani na karatasi. Alivaa miwani, akayapitia majina polepole kwa kidole. Katika safu ya pili kidole kikasimama. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akaikunja karatasi akaitia katika kanga yake.

“Na hiyo sifongo,” akaniuliza, “walikuuzia kiasi gani?”