Kinga ya Majaji Marekani (2): Rufaa Asiyoijua Mwenyewe

Juma lililopita tuliieleza sheria ya Marekani ya mwaka 1871, inayomruhusu mtu kumdai fidia ofisa wa jimbo aliyemvunjia haki zake za kikatiba. Sheria hiyo haikuwatenga majaji. Hata hivyo, mwaka 1967, katika kesi ya Pierson dhidi ya Ray, Mahakama ya Juu ilisema kinga yao ya tangu zamani ya kutodaiwa fidia haikufutwa.

Kinga hiyo inafika wapi? Jibu lilitolewa katika kesi ya Stump dhidi ya Sparkman. Mwaka 1971, huko Indiana, mama mmoja alimpelekea Jaji Harold Stump ombi la kutaka bintiye wa miaka 15 afungwe kizazi kwa madai ya upungufu wa akili. Ombi lenyewe lilikiri kwamba binti alisoma shule ya umma na kupanda madarasa pamoja na wenzake. Jaji aliliidhinisha siku hiyohiyo. Halikufunguliwa jalada, binti hakusikilizwa, wala hakupewa wa kumtetea. Aliambiwa anakwenda kuondolewa kidole tumbo. Ukweli aliujua baada ya kuolewa na kukosa mimba, akafungua madai.

Mwaka 1978 alishindwa katika Mahakama ya Juu, majaji 5 dhidi ya 3. Wengi walisema mahakama ya Stump ilikuwa na mamlaka mapana, na kuidhinisha maombi ni kazi ya jaji. Basi hata akikosea au akiwa na nia mbaya, hadaiwi. Jaji Potter Stewart alipinga: kitendo hakiwi cha kimahakama kwa sababu tu aliyekitenda ni jaji.

Kinga ina sababu nzito. Kila kesi ina aliyeshindwa, na jaji anayehofia kushtakiwa naye ataamua kwa kumwogopa mwenye nguvu. Anayeonewa, tunaambiwa, akate rufaa. Lakini binti huyu angekataje rufaa dhidi ya amri asiyojua kuwa ipo? Kwa hiyo nasema: kinga imlinde jaji aliyewaita wahusika, akawasikiliza na kuweka kumbukumbu. Pasipo hayo, mlango wa madai uwe wazi, na serikali iliyompa jaji mamlaka ilipe fidia.

Juma lijalo tutatazama sharti la nia njema katika ibara ya 160 ya Katiba ya Kenya.

Itaendelea.