Chumvi ya barabarani yala faida ya magari ya Japani

Waagizaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani hawana budi kuchungulia chini ya gari kabla ya kuvutiwa na bei.

Mikoa ya kaskazini, hasa Hokkaido na Aomori, humwaga chumvi barabarani majira ya baridi ili barafu iyeyuke. Matumizi hayo yaliongezeka baada ya sheria ya mwaka 1990 kuzuia matairi yenye misumari, yaliyokuwa yakichimba lami na kutimua vumbi.

Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, hivyo chuma hushika kutu upesi. Kloridi ya kalsiamu hunyonya unyevu hewani, na chuma hubaki kimelowa hata barabara ikikauka. Huliwa fremu, mabomba ya breki na ekzosi, huku bodi ikiendelea kung'aa.

Katika karatasi ya mnada, herufi S ni kutu. C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Rangi mpya nyeusi chini ya gari nayo itiliwe shaka.

Gari la bei nafuu linalosubiri kuchomelewa fremu Dar es Salaam au Mombasa limekwisha kumeza faida ya mwagizaji.