Lugha Hulelewa Mezani

Siku tatu kwa gari katika pwani ya Wabaski

Kuna swali ambalo bibi wa kwetu humwuliza mjukuu kabla hata ya kumwuliza habari za shule: "Umekula?" Mama yetu mzazi, aliyekuwa akiishi Upare, alilirudia swali hilo kila Jumapili kwa simu, akizungumza na mjukuu wake aliyezaliwa Ufaransa. Mtoto alisikiliza, akacheka kidogo, kisha akamrudishia mama yake simu. Kiswahili hakuwa nacho, wala Kipare, na bibi hakujua Kifaransa. Mama alifariki mwaka juzi, na mazungumzo yao yakaishia hapo.

Jambo hilo tulikuwa nalo moyoni mwisho wa Oktoba mwaka jana, mwandishi wenu pamoja na baba watoto, tulipokwenda kumtembelea mdogo wetu anayefanya kazi Bordeaux. Shule zilikuwa zimefungwa. Mdogo wetu akasema, "Dada, nitawapeleka kwa Wabaski. Huko watu wanajua kula." Kumbe walikuwa na jingine la kutufundisha.

Watu wa milima na bahari

Tuliondoka Jumamosi alfajiri. Mdogo wetu aliendesha, baba watoto alikaa kando yake na ramani magotini, na mwandishi wenu alikuwa nyuma pamoja na binti wa miaka kumi. Kutoka Bayonne, upande wa Ufaransa, hadi Bilbao, upande wa Hispania, ni kama kilomita 150 tu kwa barabara kuu. Sisi tulichagua njia ndogo za pwani, zinazopanda na kushuka kati ya milima ya majani mabichi na bahari ya Atlantiki.

Wabaski wanaishi pande zote mbili za mpaka, pale ambapo milima ya Pyrenees inaishia baharini. Lugha yao huitwa Euskara. Kifaransa na Kihispania ni ndugu, kama Kipare na Kichaga, lakini Euskara haina ndugu anayejulikana popote duniani. Ilikuwepo kabla Warumi hawajaleta Kilatini, na hadi leo inasemwa.

Bayonne ni mji wa mito miwili, Nive na Adour, wenye nyumba nyembamba za madirisha mekundu na ya kijani. Madukani zilining'inia pilipili nyekundu zilizokaushwa kutoka kijiji cha Espelette. Tulizionja kwa hofu, tukakuta zina harufu nzuri na ukali wa upole, wala si kama pilipili mbuzi. Mji huu unasifika pia kwa chokoleti. Waliouleta ufundi huo ni Wayahudi waliokimbia mateso Hispania na Ureno, wakapata hifadhi hapa katika karne ya 17. Binti alikunywa kikombe kizima cha chokoleti ya moto, nasi tukamsaidia kumaliza cha pili.

Mama mwenye nyumba

Mwendo mfupi kusini tukafika Saint-Jean-de-Luz, mji wa wavuvi. Katika kanisa lake la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alifunga ndoa mwaka 1660 na Maria Teresa, binti wa mfalme wa Hispania. Kuna mfano wa meli unaoning'inia darini, na kuta zimezungukwa na roshani za mbao, moja juu ya nyingine. Zamani wanaume walikaa huko juu. Wanawake walikaa chini, kila mmoja mahali pa nyumba yake, juu ya makaburi ya watu wa nyumba hiyo.

Mama wa nyumba kwa Euskara ni etxekoandere. Kazi yake haikuwa kupika tu. Ndiye aliyewasha mshumaa kanisani kwa ajili ya marehemu wa nyumba yake. Na nyumba kwa Wabaski ni jambo kubwa hivi kwamba watu wengi wana majina ya nyumba. Hata jina Xavier, ambalo vijana wengi wa makanisani kwetu wanaitwa, linatokana na Etxeberri, yaani nyumba mpya. Fransisko Xavier alizaliwa mwaka 1506 katika ngome ya jina hilo huko Navarra, na mwaka 1542, akielekea India, alipita Malindi, kwenye pwani yetu wenyewe.

Tukiwa bado kwenye benchi, ulimi wetu uliponyoka. Tulimwambia mdogo wetu, "Mama amekufa hajawahi kuongea na mjukuu wake." Hakujibu. Alipojibu, tulikuwa tumeshaingia garini. "Dada, mtoto alipokuwa mdogo niliambiwa nisimchanganye na lugha mbili. Nilikuwa peke yangu ugenini. Ningemwuliza nani?" Baada ya hapo hakuna aliyesema neno hadi tulipovuka mto Bidasoa na kuingia Hispania.

Kwa maneno yale ya ukali tunatubu hadi leo. Lakini kama muguzi inatupasa kuwaambieni ukweli: mtoto hachanganyikiwi kwa kulelewa kwa lugha mbili. Huenda kwa muda akatia neno la huku kwenye sentensi ya kule, lakini baadaye huzitenganisha mwenyewe. Anachohitaji ni kuisikia kila lugha mara kwa mara, kutoka kwa mtu anayempenda.

Wanaume jikoni

Jioni tulikuwa San Sebastián, ambao wenyewe huuita Donostia, mji uliozunguka ghuba yenye umbo la kombe. Chakula cha jioni huliwa kwa kutembea. Kila duka la vinywaji limepanga juu ya kaunta vitafunio vidogo viitwavyo pintxos: kipande cha mkate chenye samaki, yai, uyoga au kaa. Unachukua kimoja au viwili, unalipa, unahamia duka la pili. Kinachojulikana sana huitwa Gilda, jina la filamu ya mwaka 1946. Ni zeituni, samaki mdogo kama dagaa aliyehifadhiwa kwa chumvi, na pilipili ya kijani ya kwenye siki, vyote vimechomwa kwenye kijiti kimoja. Wenye shinikizo la damu, kimoja kinatosha!

Baba watoto alifurahishwa na habari nyingine. Tangu karne ya 19 mji huu una vyama vya wanaume vya mapishi. Wanachama wana jiko lao na meza ndefu. Wanapika wenyewe, wanakula, kila mmoja anaandika alichotumia na kuweka fedha zake. Tulimwambia, "Umesikia? Wanaume wanapika." Akajibu, "Nimesikia pia kwamba wanawake walikuwa hawaruhusiwi kuingia jikoni." Ni kweli, ingawa vyama vingi sasa vimelegeza. Basi hata mdogo wetu akacheka, na ukimya wa mchana ukaanza kuvunjika.

Katika mitaa hiyo ya zamani tulijifunza habari za mwalimu Elbira Zipitria. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1936 hadi 1939, serikali ya Jenerali Franco iliipiga Euskara marufuku shuleni na hadharani. Mama huyu, katika miaka ya 1940, alianza kuwafundisha watoto wachache kwa Euskara majumbani, bila kelele. Kazi ya watu kama yeye ikazaa shule ziitwazo ikastola, ambazo leo zina maelfu ya wanafunzi. Franco alifariki mwaka 1975, na mwaka 1979 Euskara ikawa lugha rasmi pamoja na Kihispania katika jimbo la Wabaski la Hispania. Upande wa Ufaransa haijapata hadhi hiyo.

Mdogo wetu alisikiliza habari hizo kimya, akimtazama binti yake.

Jumapili Getaria

Jumapili tulifika Getaria, mji mdogo wa wavuvi chini ya vilima vya mizabibu. Hapo alizaliwa Juan Sebastián Elcano, aliyeongoza meli ya kwanza kuizunguka dunia na kurudi mwaka 1522, akiwa na mabaharia 17 tu waliosalia naye ndani yake. Hapo pia alizaliwa, mwaka 1895, mshonaji mashuhuri Cristóbal Balenciaga. Baba yake alikuwa mvuvi, akafariki mtoto akiwa mdogo. Mama yake alikuwa mshonaji, na kijana alianza kujifunza sindano kutoka kwake. Leo kuna jumba la makumbusho la nguo zake pale pale kijijini. Akina mama mnaolea watoto kwa cherehani, msidharau kazi yenu.

Kanisa la San Salvador lina sakafu iliyoinama, utadhani umepanda jahazi. Tulisali pamoja na watu wa hapo bila kuelewa maneno, isipokuwa moja. Walipoanza sala ya Bwana, tulisikia neno aita. Binti alikuwa amelisoma kwenye kibao, akatunong'oneza kwa Kifaransa kwamba ni "baba". Kisha akamwuliza mama yake, "Sisi tunasemaje?" Mdogo wetu akamfundisha maneno mawili sikioni: Baba Yetu.

Nje, barabarani, wapishi walikuwa wakichoma samaki bapa aitwaye turbot juu ya makaa. Hawamkati vipande. Anawekwa mzima ndani ya waya, anageuzwa, anamiminiwa mafuta ya zeituni na siki kidogo. Wenye mji waliagiza divai nyeupe ya hapo, sisi tukaagiza maji. Tulikula kwa mikono, na hakuna aliyetushangaa.

Usiku tulilala Lekeitio, ambapo maji yakipwa unaweza kutembea kwa miguu hadi kisiwani.

Jumatatu Gernika

Jumatatu ni siku ya soko Gernika. Ilikuwa Jumatatu pia tarehe 26 Aprili 1937, ndege za Ujerumani na Italia, zilizomsaidia Franco, zilipoupiga mji huu mabomu kwa saa kadhaa na kuuteketeza sehemu kubwa. Pablo Picasso alichora picha ya maafa hayo mwaka huo huo. Iko Madrid, lakini Gernika kuna nakala yake ukutani, ya vigae. Upande wa kushoto kuna mama amebeba mtoto aliyekufa, kichwa ameinua juu, analia. Sisi tuliowahi kumpa mama habari ya namna hiyo wodini hatukuweza kuitazama kwa muda mrefu.

Lakini soko halikufa. Jumatatu ya mwisho ya Oktoba ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo tuliyoikuta. Wakulima walijaa na jibini, asali, vitunguu na maharage. Mama mmoja mzee aliuza maharage meusi, na mjukuu wake wa kike akimsaidia kupima. Mtoto yule alimwita "Amama!" kila dakika, na wote wawili waliongea Euskara bila kupumua.

Binti yetu alisimama akiwatazama. Mdogo wetu, anayejua Kihispania kidogo, aliuliza maana yake. Amama ni bibi. Ndipo mtoto akamwuliza mama yake swali lililotukata maini: "Na mimi, wa kwangu nilimwita nani?"

Mdogo wetu akachutama pale pale katikati ya soko. "Bibi," alisema. "Ulimwita Bibi. Naye alikuwa akikuuliza, Umekula?" Akamweleza maana yake. Wote wawili walilia, nasi tukageukia vitunguu.

Mchana tuliagiza maharage hayo hayo, mazito, na kabeji pembeni. Yaliletwa pamoja na utumbo uliojazwa damu, huo tukauacha kwenye sahani. Kijiko cha kwanza tu, sisi dada wawili tukatazamana. Ilikuwa ladha ya makande ya Mama, bila mahindi. Mdogo wetu akaanza kumsimulia binti yake, kwa Kiswahili cha polepole, jinsi Mama alivyokuwa akipika. Chakula kilipoa, hakuna aliyeharakisha.

Asubuhi ya pili, Bordeaux, mtoto alitukuta tunaondoa vyombo vya chai. Akauliza kwa uangalifu, "Mama mkubwa, umekula?" Tulikuwa tumeshiba. Tukajibu, "Bado," ili tukae naye.

Na sisi je?

Akina mama wenzetu, tulimlaumu mdogo wetu, lakini watoto wetu wenyewe hapa Dar es Salaam hawajui Kipare. Hatukupigwa marufuku na jenerali yeyote. Tulichoka tu, zamu za usiku zikatumaliza, tukawaachia redio na televisheni. Sasa chakula cha Jumapili tunakula sote mezani, na anayeomba chumvi huiomba kwa Kipare. Wanacheka, wanakosea, wanajifunza. Samaki mkunje angali mbichi, lakini hata aliyeanza kukauka tumeona bado anakunjika kidogo.

Jaribu nyumbani: maharage kwa namna ya Gernika

Chukua nusu kilo ya maharage meusi au mekundu yaliyolowekwa usiku. Mwaga maji hayo, weka mapya, pamoja na kitunguu kizima, karoti moja na vijiko viwili vya mafuta. Acha yachemke kwa nguvu dakika kumi, kisha punguza moto. Kila yanapotaka kuchemka sana, tia maji baridi kidogo. Wabaski husema hufanya mchuzi uwe mzito. Yakiiva, toa kitunguu na karoti, viponde, uvirudishe. Chumvi huwekwa mwisho, na iwe kidogo. Andaa na kabeji na pilipili ya siki. Kisha waite watoto, na uwaite kwa lugha ya bibi yao.