Mwaka mmoja vitani: askari wa kawaida wa Marekani nchini Vietnam

Historia ya vita huandikwa mara nyingi kwa kufuata majenerali na mapigano makubwa. Lakini yaliyowapata askari wa kawaida wa Marekani nchini Vietnam, kati ya 1965 na 1973, yanaeleweka vema zaidi kwa kuchunguza jambo linaloonekana dogo: muda wa kutumikia.

Katika Vita Kuu ya Pili, wengi walibaki ng’ambo mpaka vita vilipokwisha. Nchini Vietnam, askari wa nchi kavu alitumikia miezi 12, na yule wa kikosi cha Marines miezi 13. Tarehe ya kurudi aliijua tangu siku ya kufika. Kusudi lilikuwa kuwagawia watu wengi hatari na kuwapunguzia uchovu.

Matokeo yake yalikuwa mengine. Vikosi vya kwanza vilifika kwa pamoja. Baadaye kila mtu alipelekwa peke yake kujaza nafasi ya aliyekufa, aliyejeruhiwa au aliyemaliza muda. Mgeni huyo, mara nyingi kijana wa miaka 19 au 20, hakuaminiwa na wenyeji wa kikosi, kwa maana hakujua bado kutambua waya wa mtego njiani. Alipokwisha kuzoea, muda wake ulikaribia kwisha. Naye aliyebakiwa na siku chache alizihesabu na kukwepa hatari. Maofisa wengi nao waliongoza kikosi vitani kwa miezi sita hivi, kisha wakahamishwa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mpango huu ulileta vidole, kimoja kimoja, pasipo kuunda mkono.

Kurudi kulikuwa vivyo hivyo. Zamani, safari ndefu ya meli iliwapa askari nafasi ya kusimuliana yaliyowasibu. Sasa ndege ilimtoa mtu vitani na kumfikisha kwao kwa siku chache, peke yake. Wengi walinyamaza. Ni mwaka 1980 tu ambapo chama cha madaktari wa akili wa Marekani kilitambua rasmi maradhi ya kiwewe yanayodumu baada ya maafa.

Ukuta wa kumbukumbu uliozinduliwa mjini Washington mwaka 1982 una majina zaidi ya 58,000. Hayakupangwa kwa cheo wala kwa alfabeti, bali kwa tarehe ya kupatwa na maafa. Hivyo waliofika mmoja mmoja, wakaanguka siku moja, husomwa pamoja.