Kompyuta nzito: RAM ikiwa ghali, kagua kivinjari kwanza

WAFANYABIASHARA na wawekezaji wadogo wa Handeni na Korogwe wanaotaka kubadilisha kompyuta kwa sababu zimekuwa nzito wanashauriwa kukagua kwanza kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, kabla ya kutoa fedha mfukoni. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya kumbukumbu ya kompyuta, inayojulikana madukani kama RAM, ilipanda duniani baada ya viwanda kuelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuacha kuwauzia wateja wa kawaida RAM zake za jina la Crucial. Mzigo unaoshuka Kariakoo hauwezi kukwepa upepo huo.

Kompyuta nzito si kero ya ofisini tu. Tangu Oktoba 2023 zabuni za umma hupitia mfumo wa NeST, ambao hufungwa wenyewe saa iliyopangwa ikifika. Ritani za VAT nazo hutakiwa kufika TRA kwa mtandao ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mkandarasi mdogo wa Handeni ambaye mashine imemgandia nusu saa kabla ya zabuni kufungwa hawezi kupanda gari, akala kilometa zipatazo 65 za lami hadi Korogwe, kisha akatafute steshenari yenye nafasi.

Kama kawaida, lawama huangukia mtandao kwanza. Kipimo chake ni rahisi. Mtandao ukiwa dhaifu, ukurasa huchelewa kufunguka lakini mshale wa mausi hutembea vizuri na hesabu za Excel hufunguka bila shida. Ikiwa kila kitu kimekuwa kizito kwa pamoja, feni inavuma na taa ya diski haizimiki, kubadilisha laini ya simu ni kupoteza bando. Hapo tatizo limo ndani ya mashine.

Vivinjari vya siku hizi hufanya kazi kama jengo la fremu za maduka. Chrome, iliyotoka mwaka 2008, ilijengwa ili kurasa zipangwe katika fremu mbalimbali, moja ikiungua nyingine zisiteketee, na kila fremu hulipiwa kodi kwa RAM. Mwaka 2018, baada ya kugundulika udhaifu wa prosesa ulioitwa Spectre, Google iliongeza kuta kati ya tovuti na tovuti, na yenyewe ikakiri kuwa matumizi ya kumbukumbu yangeongezeka kwa asilimia 10 hadi 13. Edge na Opera zimejengwa juu ya msingi huohuo. Kwa hiyo anayehama Chrome kwenda huko kwa kukimbia uzito amehamia jengo la fundi yuleyule.

Kivinjari kula RAM nyingi si kosa lenyewe. RAM ni kaunta na diski ni stoo ya nyuma: kaunta iliyojaa bidhaa inauza, lakini ikijaa kupita kiasi muuzaji hulazimika kukimbia stoo kwa kila mteja. Kwenye mashine ya gigabaiti 4 yenye diski ya zamani ya kuzunguka, mbio hizo ndizo zinazoonekana kama kuganda.

Wa kumnasa mlaji hahitaji fundi. Ndani ya Chrome kwenye Windows, bonyeza Shift na Esc kwa pamoja. Itatokea orodha ya kila ukurasa na kila kiendelezi, pamoja na RAM na prosesa kinayotumia. Safu hizo mbili zisomwe tofauti. Ukurasa unaokula RAM nyingi huenda ni mkubwa tu, hasa wenye video au nyaraka nyingi. Ukurasa unaokula prosesa muda wote wakati hakuna anayeugusa ndio wa kutiliwa shaka. Mara nyingi ni matangazo yanayochezacheza au jedwali la bei linalojihuisha kila mara, na mwekezaji anayeacha kurasa tano za bei za hisa na fedha za kigeni wazi tangu asubuhi asishangae. Lakini wapo pia wezi. Kati ya Septemba 2017 na Machi 2019 huduma ya Coinhive iliwezesha tovuti kuchimba sarafu ya Monero kwa kutumia prosesa za wageni wao, na wengi hawakuambiwa.

Viendelezi ni eneo lingine la kufanyia usafi, hasa kwenye kompyuta za steshenari ambazo kila mteja huacha chake. Ambacho mwenye mashine hakikumbuki, kitolewe.

Wapo wanaokimbilia kufuta historia na picha zilizohifadhiwa. Hilo husaidia diski ikijaa, na kwenye kompyuta ya umma hulinda siri za mteja, lakini halipunguzi njaa ya RAM. Badala yake kurasa hupakuliwa upya na bando huisha mapema. Dawa bora ni kuwasha sehemu ya kuokoa kumbukumbu, iliyoanza kuingia Chrome mwishoni mwa 2022, ambayo hulaza kurasa zisizotumika. Tovuti ya zabuni au ya kodi iwekwe kwenye orodha ya zisizolazwa, ili isijipakie upya kazi ikiwa njiani.

Wenye Windows 7 wana shida ya aina nyingine. Toleo la 109 la Januari 2023 ndilo la mwisho la Chrome kwao, na mashine hiyo haifai tena kwa kodi wala benki hata ikiwa nyepesi.

Baada ya yote hayo, kama gigabaiti 4 hazitoshi, ununuzi una haki yake. Fundi aifungue mashine kwanza. RAM za DDR3 na DDR4 haziingiliani, na baadhi ya laptopu nyembamba zina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye ubao, isiyoongezeka hata kwa fedha ya papo hapo.